Ametulia Sana Siku Hizi

Maneno hayo nilianza kuyasikia mwezi wa tatu baada ya kaka yangu kuhamia kwenye nyumba ya malezi. Nikipiga simu kuulizia hali, anayepokea ananijibu, "Wala usiwe na wasiwasi, dada. Kaka yako ametulia sana siku hizi." Nakata simu namshukuru Mungu. Naandika kwenye kundi la familia la WhatsApp kwamba Kaka katulia, na ndugu zangu wanajibu Alhamdulillahi, mmoja baada ya mwingine. Ilinichukua mpaka Idi ya mwaka uliofuata kuelewa kwamba katika yote niliyowahi kuambiwa juu yake, hilo ndilo lililotakiwa kuninyima usingizi.

Kaka hakuwahi kutulia tangu azaliwe. Ni kifungua mimba wetu, kazaliwa Temeke mwaka 1976 na sindromu ya Down, yaani kromosomu ya 21 anazo tatu pale wengine tunapokuwa na mbili. Mama alikuwa anauza vitumbua na chai Tandika, hatua chache kutoka stendi ya daladala, na Kaka alikulia pembeni ya meza ile. Stendi ndiyo iliyomfundisha kusema. Maneno mengi ya nyumbani yalimshinda, hata majina yetu aliyafupisha akabaki na sauti moja moja, na mimi mpaka leo ananiita Mdogo tu. Lakini "Kariakoo, Kariakoo, bado wawili, wawili twende!" aliitoa bila kukwama. Makonda walimpenda. Akiwaitia abiria gari likajaa walimpa mia tano, naye anaikimbiza kwa Mama kama kaokota dhahabu. Alianza kabla ya adhana ya alfajiri, akaendelea mpaka analala, na usingizini kuna siku tulimsikia akisema "Shusha!" Majirani walilalamika. Mimi mwenyewe nilipokuwa sekondari niliona aibu, nikamwomba Mama amnyamazishe. Mama akanijibu huku anageuza vitumbua: "Mwache. Siku akinyamaza ndiyo uniite."

Nilisikia, sikushika.

Alipozaliwa, Mama aliambiwa hospitali asitegemee kumwona akifika miaka kumi. Simlaumu aliyesema. Hata katika nchi tajiri, mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu wenye hali hiyo waliishi wastani wa miaka 25 hivi. Wengi huzaliwa na tundu kwenye moyo, na wakati huo wachache walifanyiwa upasuaji. Leo huko wastani unakaribia miaka 60. Kaka moyo wake ulikuwa mzima, akavuka kumi, akavuka ishirini, na mwaka 2018, akiwa na miaka 42, akasimama nasi makaburini kumzika Mama. Kizazi chake ni cha kwanza ambacho wengi wao watawazika wazazi wao, na jambo hilo familia nyingi hatujaliwekea mpango wowote. Kwa watoto angalau kuna pa kuanzia. Dar es Salaam kuna Sinza Maalum, kuna Uhuru Mchanganyiko, kuna vitengo kwenye shule nyingine za msingi, na Kaka alipata miaka kadhaa ya darasani. Lakini shule ina mwisho. Mtu mzima wa miaka 42 mwenye ulemavu wa akili makazi yake yalikuwa Mama, na Mama tulikuwa tumemzika.

Tulimzungusha. Miezi mitatu kwangu Mbagala, miezi mitatu kwa mdogo wangu Tabata, miezi mitatu Morogoro kwa dada. Kila alipozoea mlango wa choo uko upande gani, tukamfungashia begi. Sasa nikifikiria namna tulivyokuwa tukipigiana simu, "Nyie mnamchukua lini?", naona uchungu. Siku moja akiwa Tabata alitoka, akapotea usiku mbili. Tulimkuta Buguruni, miguu imepasuka, sauti imekauka. Baada ya hapo hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kuendelea.

Tulikwenda ustawi wa jamii. Afisa alitusikiliza vizuri, akatueleza kwamba makazi ya serikali kama yale ya Nunge, Kigamboni, ni ya wazee na wasiojiweza ambao hawana wa kuwatunza, na sisi tulikuwa ndugu wanne tumekaa mbele ya meza yake. Basi tukatafuta wenyewe, tukapata nyumba moja ya watu binafsi njia ya Bagamoyo, kupita Bunju. Sitaitaja jina. Walichukua watu wazima wenye ulemavu wa akili, laki mbili na nusu kwa mwezi, tukagawana.

Mimi ndiye niliyetumwa kwenda kukagua, na nilikagua kama mtu anayepangisha chumba. Nikaangalia vigae. Nikaangalia matenki ya maji, vyandarua, vitanda vilivyotandikwa mashuka yanayofanana. Ratiba ya chakula ilibandikwa ukutani: Jumatatu ugali na maharage, Jumanne wali na mchicha. Kulikuwa na ukuta mrefu, geti la chuma na mlinzi, na baada ya ile habari ya Buguruni geti lile lilinifurahisha kuliko kitu kingine. Hapakuwa na harufu. Watu 18 walikaa barazani kwenye mabenchi, wamenyoa vipara wote, wanawake kwa wanaume, kimya kabisa. Televisheni ilikuwa inaonyesha katuni, hakuna aliyekuwa anaitazama. Nilirudi nikasema ni pasafi na pana utulivu.

Miswaki niliiona, ndiyo. Ilikuwa kwenye kopo moja la rangi pale kwenye karo, haina alama wala jina. Niliiona nikapita.

Na Kaka sikumuuliza. Nalisema hili kwa sababu baadaye nilisoma Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, nikakuta Ibara ya 19 inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuchagua mahali pa kuishi na watu wa kuishi nao, sawa na wengine, wala asilazimishwe kuishi kwenye mpango fulani wa makazi. Mambo haya sikuyajua, lakini kumuuliza mtu "Unapaonaje?" hakuhitaji mkataba. Ningeweza kumchukua tukaenda wote, tukashinda pale siku nzima, nikamtazama uso. Badala yake nilimwambia tunapanda daladala. Akafurahi njia nzima, akaita Mwenge, akaita Tegeta, akaita Bunju. Tulipofika getini akanyamaza. Nikamwacha.

Wiki za mwanzo alipiga kelele usiku, akiniita mimi na akimwita Mama. Msimamizi alinieleza kwamba wamempeleka kwa daktari na amepewa dawa ya kumtuliza kidogo mpaka azoee. Nikaona ni sawa. Kisha zikaanza zile simu za utulivu.

Kutembelea kuliruhusiwa Jumapili ya kwanza ya mwezi, saa nane mpaka saa kumi. Nilikwenda, si kila mwezi, na nilipokwenda nilimkuta amekaa kwenye kiti cha wageni, amevalishwa shati la kola, usoni kapakwa mafuta. Nilikuwa nampelekea vitumbua. Januari 2022 nilimkuta kavaa sweta. Anayeijua Dar es Salaam ya Januari anajua ninachosema: jasho linakutiririka umekaa kivulini. Mimi nilikuwa najipepea na kipande cha boksi, naye kafunga sweta mpaka shingoni, na mikono nilipoishika ilikuwa ya baridi na ngozi imekauka kama magamba. Nikamuuliza dada aliyekuwa zamu. Akacheka kwa upole, hakuwa na ubaya, akasema, "Ndivyo alivyo huyu, anapenda sweta lake." Nami niliyeishi na Kaka miaka zaidi ya thelathini, niliyemwona akivua shati saa mbili asubuhi kwa joto, nikakubali kuambiwa na mtu wa miezi miwili kwamba ndivyo alivyo.

Hapo ndipo narudi kila mara nikilala. Sikuwa mjinga, nadhani nilikuwa nimechoka, na aliyechoka hupokea jibu lolote linalomruhusu kurudi nyumbani.

Idi ya Mei nilimwombea ruhusa ya siku tatu. Tulishuka Tandika ili asalimie watu wa Mama. Konda mmoja wa zamani, sasa ni mtu mzima na ana gari lake, akamwona kwa mbali, akapiga mluzi, akaita, "Bosi! Gari halijajaa hilo, njoo uniitie!" Wito huo Kaka alikuwa akiusikia anaacha hata chakula. Aligeuza kichwa taratibu, kama mtu anayegeuza jiwe, akatazama, akarudisha macho chini. Midomo ilikuwa wazi, mate yanamtoka pembeni. Yule konda alinitazama mimi. "Shemeji, huyu mmemzima?"

Nikakumbuka vitumbua, nikamkumbuka Mama.

Jirani yetu wa zamani, mkunga aliyestaafu, ndiye aliyemkalisha mkekani akamchunguza kwa macho tu na maswali. Anapata choo mara ngapi? Sijui. Uso huu umeanza lini kuvimba? Sijui. Sauti imekuwa nzito tangu lini? Analala saa ngapi? Anakula? Sijui, sijui, sijui. Aliposikia habari ya sweta akasimama hapo hapo. "Mwanangu, mpeleke akapimwe tezi ya shingo. Na uulize anapewa dawa gani."

Daktari wa kwanza tuliyemwona hakumgusa. Alimtazama, akaniambia mimi, "Hawa wakifika umri huu hupooza, ndiyo hali yao." Nimekuja kujua kwamba hili ni kosa linalotokea dunia nzima, na pengine ndilo linalowaua wengi: kila anachokionyesha mtu mwenye ulemavu wa akili kinapachikwa kwenye ulemavu wake. Amenyamaza, ni ulemavu. Anajipiga shavu, ni ulemavu, kumbe jino limeoza. Hapati choo siku tano, haulizwi mtu, kumbe kufunga choo peke yake kunaweza kuua. Nililipa, nikatoka, nikakaa kwenye benchi la nje na Kaka kaniegemea, nikalia, halafu nikaenda kwingine.

Daktari wa pili, binti mdogo kwa umri, alivuta kiti akakaa chini ya usawa wa macho ya Kaka, akamwambia, "Shikamoo kaka. Naomba mkono wako." Akangoja. Alingoja muda mrefu mpaka mimi nikaanza kuona haya, nikataka kuuchukua mkono wa Kaka nimpe. Akanizuia kwa macho. Mkono ukaja wenyewe. Akachukua damu kupima homoni inayoitwa TSH, na majibu yakaonyesha tezi ya thairoidi imelala. Alinifundisha kwamba kwa wenye sindromu ya Down jambo hili ni la kawaida sana, kiasi kwamba hata asiye na dalili anapaswa kupimwa mara kwa mara, ikiwezekana kila mwaka. Tezi ikilala mwili wote unapoa: baridi, uvimbe wa uso, ngozi kavu, choo kigumu, akili nzito, huzuni. Dawa yake ni kidonge kimoja cha levothairoksini kila asubuhi, maisha yote, kwa maji, tumbo tupu, nusu saa au zaidi kabla ya chai. Kipimo kirudiwe baada ya wiki sita hadi nane.

Miezi yote ile ya utulivu, na sehemu kubwa yake ilikuwa ni tezi.

Sehemu nyingine ilikuwa haloperidoli, ile dawa ya kumtuliza. Nilirudi naye Bunju siku ya kawaida, si Jumapili, wala sikupiga simu. Nilimkuta dada wa zamu ya usiku ndiyo anaingia, msichana wa miaka ishirini na ushei kutoka Singida, nikamwomba anionyeshe dawa za Kaka. Alisita, akaleta kopo. Daktari aliandika kidonge kila usiku kwa wiki mbili. Karatasi ilikuwa bado imo ndani, tarehe inasomeka. Alikuwa amepewa miezi kumi.

Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Yule binti akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada yangu, usiku niko peke yangu na watu kumi na nane. Kaka yako asipolala, hawalali wote. Na mimi kesho saa moja naanza kufua." Nikamuuliza analipwa ngapi. Laki moja na ishirini. Nikamuuliza ana muda gani pale. Miezi mitano, na alikuwa ndiye mkongwe. Wenzake aliowakuta walishaondoka wote. Hasira yangu ikakosa pa kutua. Nilimpa vile vitumbua, tukakaa ngazini.

Ni yeye aliyeniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza. "Dada, kwa nini kaka hali mpaka chakula kipoe? Anakaa anakitazama tu. Tumeandika kwenye daftari kwamba anasumbua kula."

Nikashika kichwa. Kaka haanzi kula mpaka mtu amwambie "Bismillahi." Ndivyo Mama alivyomlea, toka anaanza kukaa. Unaweka sahani, unasema Bismillahi, naye anarudia kwa namna yake, "Millahi," halafu anakula vizuri mpaka anasafisha sahani. Kwetu hata mtoto mdogo alilijua hilo, kwa hiyo halikuwahi kuwa jambo la kumwambia mtu. Fomu ya kujiunga ilikuwa na nafasi ya jina, umri, dini, aina ya ulemavu na namba ya simu ya ndugu. Kwenye dini niliandika Muislamu. Basi Kaka alikaa miezi kumi mbele ya sahani akisubiri karibu, na sahani ikaondolewa.

Sitasahau hilo. Vidonge na tezi vina majina, daktari anaweza kuviandika. Hili la Bismillahi lisingeonekana kwenye kipimo chochote.

Tangu hapo nimesoma kila nilichoweza kukipata juu ya nyumba kama hizi, hapa na kwingine. Nilidhani shida yetu ni umaskini. Kisha nikasoma habari ya Winterbourne View, hospitali binafsi karibu na Bristol, Uingereza, iliyokuwa ikichukua watu wazima wenye ulemavu wa akili na usonji. Kila mtu alilipiwa wastani wa pauni 3,500 kwa wiki. Jengo lilikuwa jipya. Mwaka 2011 mwandishi wa BBC aliingia pale kama mfanyakazi, na kamera kaificha mwilini, akarekodi watu wakipigwa, wakiburutwa, wakimwagiwa maji. Kabla ya hapo muuguzi mmoja alikuwa ameshatoa taarifa na haikufanyiwa kazi. Wafanyakazi 11 walitiwa hatiani, 6 wakafungwa, pakafungwa na jengo. Nilisoma hayo usiku nikaona mabenchi ya Bunju. Fedha ya mtu mmoja kwa wiki moja ingeendesha nyumba yetu kwa zaidi ya mwezi, na bado haikununua kitu alichokihitaji Kaka.

Uingereza hiyo hiyo, mwaka 2015, wataalamu wa afya ya umma walikadiria kwamba kila siku watu wazima kati ya 30,000 na 35,000 wenye ulemavu wa akili walikuwa wakinywa dawa za magonjwa ya akili au za sonona bila kuwa na ugonjwa unaozihitaji. Wengi kwa sababu ile ile ya binti wa Singida: mtu akipiga kelele, wengine hawalali. Wasweden wao walipitisha sheria mwaka 1997 kwamba taasisi kubwa zote za watu hawa zifungwe ifikapo mwisho wa 1999, wakaishi wachache wachache katika nyumba za kawaida za mtaani. Sisemi tuige. Nasema pale walipofika watu wanne au watano kwa nyumba, mlezi anaweza kujua nani anasubiri Bismillahi. Kwa watu 18 na binti mmoja usiku, hata awe malaika hawezi.

Kwa hiyo nikiulizwa sasa na mwenye ndugu wa kumpeleka mahali, simwambii aangalie vigae. Namwambia aende siku ambayo hajatarajiwa, jioni, saa ya kuoga. Pale Bunju wanaume walikuwa wakiogeshwa uani kwenye bomba, wamepanga foleni uchi, na Jumapili saa nane huwezi kuliona hilo. Amuulize mlezi mmoja, yeyote: huyu akiumwa utajuaje? Mlezi akijibu "atasema," na mtu mwenyewe hasemi, umeshapata jibu. Aulize aliye zamu alianza lini kazi na aliyemtangulia aliondoka kwa nini. Atazame kama kuna mtu yeyote ndani ya nyumba ile anayekataa kitu na akasikilizwa: hataki uji anataka chai, hataki kulala bado, hataki kunyolewa. Na asikilize. Mahali pa watu wazima 18 pakiwa kimya saa kumi jioni, kuna kitu kimewakalia juu.

Tulimrudia msimamizi, safari hii ndugu wa wakazi watano tuliotafutana kwa simu. Alikuwa mama mwenye nia njema na madeni mengi. Familia saba zilikuwa hazijalipa tangu mwaka uliopita. Hakufurahi. Alituambia tunamfundisha kazi. Lakini miswaki ikaandikwa majina wiki ile, bomba la uani likajengewa uzio wa mabati tuliochangia wenyewe, na kila mkazi akapewa daftari la kurasa mia lenye mambo yake. La Kaka niliandika usiku mzima. Anapenda nini, anaogopa nini (radi, na mbwa akiwa amefungwa), akishika sikio maana yake kichwa kinauma, akisema "gari bovu" maana yake tumbo. Mstari wa kwanza kabisa ni Bismillahi. Haloperidoli ilipunguzwa taratibu na daktari mpaka ikaisha. Kidonge cha asubuhi kiliwasumbua, walikuwa wanampa pamoja na chai ya maziwa kwa sababu ndivyo vidonge vyote vinavyotolewa, mpaka nilipoenda alfajiri tatu mfululizo nikakaa nao.

Mambo mengine hayajabadilika. Usiku bado ni mlezi mmoja. Wasichana bado wanaondoka. Binti wa Singida aliondoka Disemba, alipata kazi ya duka Sinza, na sikuweza kumwambia abaki. Kaka bado yuko pale, kwa sababu sina chumba cha tatu na sijapata mtu wa kushinda naye mchana, na kila ninapomrudisha najua kwamba hajapachagua. Wikiendi mbili kila mwezi anakuja Tandika, na nimeanza kumuuliza. Nampa picha mbili kwenye simu, nyumba ya Bunju na chumba cha jirani yetu mkunga, namwambia onyesha. Ameonyesha stendi, ambayo haikuwa kwenye picha.

Kuna mama mmoja pale, anakaribia miaka hamsini, chumba cha tatu, ambaye sijawahi kumwona na mgeni. Kila nikifika hunishika pindo la khanga, tunatembea wote uani, akaniachia getini. Hajawahi kusema neno mbele yangu. Daftari lake lina ukurasa mmoja, na nusu ya ukurasa huo nimeandika mimi kwa kumtazama tu: anapenda kukaa karibu na jiko, hapendi kushikwa kichwa. Aliyejua mengine alizikwa nayo. Nimemwomba msimamizi apelekwe kupimwa, ameniambia ndugu zake hawapatikani kutoa idhini. Bado nafuatilia.

Juzi saa nne usiku simu iliita, namba ya Bunju. Moyo ukaruka. Alikuwa dada mpya wa zamu, hata sauti yake siijui.

"Samahani kwa usumbufu, dada. Kaka yako hajalala. Anapiga kelele tangu saa tatu, kama anaita watu."

"Anaita wapi?"

"Kariakoo. Anasema bado wawili."

"Na wenzake?"

Akanyamaza kidogo, nikasikia kwa nyuma sauti za watu, na kicheko cha mtu mzima.

"Wamekaa vitandani, wanaitikia. Yule mama wa chumba cha tatu anasema yeye anashuka Mwenge."